Walichukua boti na tela nyumbani kwangu mchana kweupe, na mimi nikawapa kasia

Wakuu, mwangaluka. Wenye umri wa wajukuu zangu, shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba, msijisumbue kuziandika.

Nimeona humu mtu anauliza boti na tela lake avilinde vipi nyumbani. Watu wamemjibu kamera, wengine king'ora, mwingine sijui kidude gani cha kukuonyesha kwenye simu mali yako iko wapi. Nimesoma mpaka macho yakaniuma. Hakuna aliyemwambia lililonikuta mimi.

Basi nasema. Nikiongeza chumvi hata punje moja, mkate wa meza ya Bwana unikwame kooni Jumapili.

Mimi nakaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini. Asiyepajua ajue hivi: ziwa hatuna, mto wa maana hatuna, na kiangazi ndoo ya maji ikipita tunaiamkia. Wazee walisema babu zetu enzi za misafara walibebeshwa hadi boti ya mzungu, vipande vipande, kuipeleka ziwani. Hii yetu ilikuja nzima, juu ya tela lake, ikavutwa na pikapu.

Ni ya binti yangu Vero.

Vero alilima tumbaku Sikonge mpaka kifua kikaanza kumkoroma kama kinu. Akaacha. Alivyokuwa navyo vyote akaviuza, akanunua boti ya faiba na tela, akawa anavua bwawa la Igombe na samaki anauza mwenyewe sokoni. Shamba la kurudia hana. Boti ile ikipotea, anarudi kwenye moshi wa watu kuwa kibarua. Hilo mlishike, maana ndilo lililonikondesha.

Bwawani hailazi boti kwa kuogopa wezi. Akasema, "Mama, kwako ni salama. Nani ataiba boti Kwihara?"

Majirani wakanipa jina, Mke wa Nuhu. Nikipita kisimani wananiuliza gharika lini, wafunge mbuzi. Wageni wanaokuja kuangalia tembe la makumbusho, alimokaa yule mzungu msafiri wa zamani, walikuwa wakifika kwangu wanaipiga picha boti. Wanamwacha marehemu wao wanakuja kwangu.

Sasa ulinzi. Vero na mumewe waliitwa Ulyankulu kumuuguza mama mkwe, akaniachia maagizo, nami maagizo siyachezei. Tela nikalipandisha juu ya mawe, tairi nikazivua nikazilaza chini ya kitanda changu. Mnyororo wa trekta nikaupitisha kwenye tela, nikaufunga kwenye nguzo ya bani letu la zamani la kukaushia tumbaku, kufuli ya ngumi ya mtu mzima. Pale mbele tela linaposhikana na gari, kufuli nyingine. Na mbwa.

La mwisho ni kizibo. Boti ina kitundu chini, upande wa nyuma, cha kumwagia maji ikiwa nchi kavu. Vero alikitoa kizibo chake akanipa mkononi. "Mama, bila hiki boti ni beseni lililotoboka." Nikakifunga kwenye pindo la khanga, pale ninapofunga nauli.

Nikalala usingizi wa askofu.

Haikupita muda, shemeji yangu Mihayo akafariki. Mdogo wake marehemu mume wangu, mtu mzuri, mwongo kidogo. Vero hakuweza kuja kumzika baba yake mdogo, mama mkwe alikuwa hoi. Msiba ukawa kwangu kwa kuwa kiwanja changu ni kikubwa. Lakini pale penye kivuli cha bani ndipo turubai lilipotakiwa, na boti imekaa katikati kama malkia.

Wanaume wakasema tela lisogezwe. Nikatoa tairi chini ya kitanda. Nikafungua kufuli, hii na ile. Msinikatize, najua. Ungekuwa wewe ungewaweka waombolezaji juani?

Boti ikasogezwa karibu na barabara.

Siku ya kuzika wakaja watani.

Kwa mliozaliwa maghorofani: sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi hizo za misafara. Babu zetu walipita kwao na mizigo, wao wakadai hongo ya njia. Mpaka leo ukifiwa, mtani anakuja kukuvuruga usife kwa huzuni. Anajilaza kaburini mpaka umpe kitu. Anamwigiza marehemu anavyotembea. Anachukua mali yako mbele ya macho yako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Kesho yake unakwenda na kuku, unakomboa, mnacheka, yameisha.

Mtani wangu mkuu ni Madeje, mjane wa mtu wa reli, anakaa mjini. Alikuja na wenzake kumi, kumi na tano hivi, wamejipaka majivu, wanalia kwa sauti ya mbuzi. Akabeba sufuria langu kubwa la wali akaliweka kichwani kama kofia. Mchungaji alikuwa katikati ya maombi, akaficha uso kwenye Biblia, mabega yanamtetemeka.

Ndipo akatokea kijana mmoja, uso mzima unga wa sembe, koti kaligeuza nje ndani. Akarukia ndani ya boti akasimama.

"Wapagazi nyie! Mmepita kwetu bure miaka yote! Leo hongo yangu naichukua na chombo chake!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Pikapu aliyokuja nayo, dereva wake ndani, ikarudi kinyumenyume, tela likafungwa. Mwenyekiti wetu wa kitongoji mwenyewe alitia bega akasukuma. Mbwa alitikisa mkia.

Na mimi? Mimi mfiwa niliinuka kwenye mkeka, nikaingia ndani, nikatoa kasia la Vero. Nikampa.

"Chukua na hili, usije ukazama njiani!"

Nilipigiwa vigelegele, wakuu. Msibani.

Alikaa juu ya boti anapiga kasia hewani, pikapu inamvuta, vumbi linapanda, watoto wanakimbia nyuma. Tukamzika Mihayo kwa moyo mweupe kabisa.

Baada ya matanga nikamkamata jogoo, nikapanda bodaboda mpaka mjini kwa Madeje.

Nikamkuta anapepeta uwele. "Nimekuja kukomboa boti yangu, mla mlenda wewe."

"Boti gani, mla michembe?"

"Uliyoichukua."

"Nimeiuza. Nimenunua treni."

Nikacheka. Akacheka. Nikamwambia basi tuache mchezo, Vero anakaribia kurudi. Akasema Vero akirudi nimpeleke stesheni akapande treni yake. Nikaapa kwa Mungu kwamba sitanii. Akaapa kwa mlenda kwamba na yeye hatanii.

Hii ndiyo shida ya mtani. Siku ukiwa na ukweli mkubwa, huna mlango wa kuupitishia.

Sijui tulitukanana muda gani. Jogoo mwenyewe alichoka akalala. Mwishowe chozi likanitoka, sikulipanga. Madeje akaliangalia. Ameshazika na mimi watu wengi, na hata kwa mume wangu nililia kwa mdomo tu.

Akaweka ungo chini.

"Mtani. Mimi nilichukua sufuria. Yule mwenye unga usoni, sisi tulidhani ni mkwe wenu."

"Sisi tulidhani ni wenu."

Tukabaki tunatazamana kama vikongwe wawili waliokosa basi.

Nikarudi kwa mwenyekiti. Akanisikiliza, jasho likamtoka, akasema mama, jambo hili tulitulize kwanza, tusiliandike mahali, maana bega lililosukuma watu wote wameliona. Nikamwambia lile bega siku nyingine alitumie kubebea maji.

Kituoni nikaenda mwenyewe. Wakaandika. Sikulala.

Nilikuwa nikijigeuza kitandani nawaza Vero anasimama tena kwenye foleni ya vibarua wa tumbaku, na kile kifua. Ningemwambia nini? Kwamba niliwatazama wakiondoka, tena kwa kushangilia?

Asubuhi nikafungua pindo la khanga nitoe hela ya chumvi. Kidole kikagusa kizibo.

Wakuu, niliinuka kama msichana.

Mwizi wa nchi kavu hajui boti ina kitundu. Na boti huwezi kuiuza kwa muuza nyanya. Lazima umpate mvuvi, na mvuvi hanunui boti juu ya tela, anataka aione majini. Maji ya karibu ya kuitosha ni bwawa lile lile la Vero. Nikampigia Madeje. Hakusubiri nimalize. Hasira zake zilipita zangu, maana mimi niliibiwa boti, yeye aliibiwa jina.

"Kafanya wizi kwa utani wangu? Mzoga ule!"

Tukawa tunakwenda bwawani kila kukicha, eti tunanunua samaki. Wavuvi wakatuzoea. Tukawaeleza, wakacheka kwanza wakaziba midomo baadaye, maana Vero wanamjua, ni mwenzao.

Siku ya siku, pikapu ile ile hiyo, inateremka na tela. Boti imepakwa rangi ya bluu, haijakauka vizuri, makalio ya kijana nayo ya bluu. Unga umemtoka usoni lakini ile sauti niliijua. Ana mnunuzi, baba mmoja mwenye tumbo na viatu vya kung'aa. Wakaishusha majini. Mikononi kashika kasia nililompa kwa mkono wangu.

Nilitaka kumrukia. Madeje akanishika khanga. "Muache aende kidogo. Safari ya maji inataka abiria watulie."

Wakasogea. Kijana anasifia, anapigapiga ubavu wa boti kama ng'ombe wa mnadani. Mnunuzi akatazama viatu. Akatazama tena. Akasema kitu hatukukisikia, lakini tulikielewa.

Kijana akaanza kuchota maji kwa kofia. Boti ikazidi kukaa chini taratibu, kwa heshima zote. Mnunuzi akaruka, akatoka na matope mpaka kidevuni, anamlaani mama wa mtu.

"Nisaidieni! Sijui kuogelea!"

Madeje akasogea mpaka maji yakamfika miguuni, mikono kiunoni.

"Mtani! Mbukwa!"

Hivyo ndivyo Wagogo wanavyoamkiana, mtoto wao wa kunyonya anajua. Yule akabaki mdomo wazi.

"Si ulidai hongo yetu? Itikia basi!"

"Mama nakufa!"

"Kufa kwanza, sisi watani tutakuja msibani tukuchekeshe."

Na mimi nikafungua pindo, nikanyanyua kizibo juu wakione wote. "Mjukuu wangu, ulisahau hiki! Ungeniomba, siku ile nilikuwa natoa kila kitu!"

Wavuvi walishindwa kusimama. Mmoja alipopata pumzi akamwambia asimame. Akasimama. Maji yakamfika kiunoni.

Walimkamata hapo hapo pamoja na dereva wake wakawapeleka kituoni, hawakuwapiga. Mimi ndiye niliyekataza, nilisema kofi ni langu, na kijana nikampiga moja tu, la kikristo. Boti ikainuliwa, maji yakatoka kwa kile kitundu chake, tela nalo lilikuwa pale pale ukingoni na tairi zake zote.

Sasa wewe uliyeuliza. Mnyororo funga. Tairi vua. Kizibo toa, usikiache ndani ya boti hata siku moja. Lakini kufuli hizo zote funguo zake anazo mtu, na mtu ana siku yake ya msiba, ana siku yake ya kucheka. Mwizi wangu hakuja na tupa wala nyundo. Alikuja na kichekesho, sisi tukafungua wenyewe. Mali ikitoka kwenye ua wako, hata kama unacheka, simamisha kicheko uulize, huyu ni mtoto wa nani.

Kuhusu Madeje. Nilimpelekea yule jogoo kwa asante. Akamla, kisha akaninyang'anya kizibo. Akasema hiyo ndiyo hongo yake halali, na safari hii ni kweli. Mpaka leo kiko kwake, kwenye kopo la chumvi. Kila Vero akitaka kwenda kuvua lazima apite mjini kwa Madeje, atukanwe ukoo mzima, aahidi samaki, ndipo apewe. Akirudi anakirudisha, anatukanwa tena. Sijaona kufuli kama hiyo dukani.

Vero alishangaa boti kuwa ya bluu. Nilimwambia nimeona rangi ile inampendeza. Kizibo kukaa kwa Mgogo nilimwambia ni mila.

Wenye watani humu semeni, mliwahi kuchukuliwa nini msibani kikarudi, na nini hakikurudi? Na wewe Vero, najua umo humu kwa jina la kuficha. Ukimaliza kusoma njoo ule, ugali unapoa, na usinipandishie sauti.