Walioniambia Nisubiri Simu

Nilikuwa nauza mbegu na mbolea katika duka la pembejeo pale Chanji niliposhtukia napigiwa simu na kampuni moja inayonunua alizeti kwa wakulima. Nina stashahada ya kilimo, na nilikuwa nimeomba kwao kazi ya afisa ugani, nikakaa hadi nikakata tamaa. Aliyepiga alikuwa dada wa ofisi ya rasilimali watu. "Hongera, umechaguliwa kuja kwenye usaili," akasema. Jioni nilipofika nyumbani Izia na kumweleza mama, alipiga vigelegele hadi jirani akatoka kuuliza kuna nini.

Usaili wenyewe uliahirishwa nikiwa nimeshafika getini. Mlinzi ndiye aliyeniambia. "Bosi kasafiri. Kwani hawakukupigia?"

Hawakunipigia. Nikaomba ruhusa kazini kwa mara nyingine, na mama mwenye duka akanipa huku amenuna. Safari hii niliwakuta, wanaume wawili na yule dada. Waliniuliza maswali ya maana, wakacheka niliposimulia jinsi wakulima wanavyobishana nami kuhusu mbegu. Mmoja akasema nikianza nitapangiwa upande wa Pito, maana napafahamu. Dada akanisindikiza hadi nje. "Wiki hii haiishi, nitakupigia. Iwe ndiyo, iwe hapana, utajua."

Wiki ikaisha, na nyingine ikafuata, mpaka ikawa miezi. Nilituma meseji, nikaona ameisoma, asijibu. Nilipiga, simu ikaita mpaka ikakata yenyewe. Dukani nikawa naiweka simu juu ya mzani, mteja akiongea naitazama. Siku moja dada akapokea. "Vumilia mpenzi, bado tupo kwenye mchakato." Neno hilo, mchakato, mpaka leo nikilisikia redioni nabadilisha stesheni.

Mwezi wa kumi unaelekea mwisho, akapiga mwenyewe. Kuna usaili wa pili, wa vitendo, shambani. Lini? Kesho asubuhi.

Kesho yake ndiyo siku ambayo mzigo wa mbolea ulikuwa unaingia dukani. Nilimwambia bosi wangu kwa kuumauma maneno. Hakugomba. "Nenda, mwanangu. Ila ukienda nitatafuta mwingine. Msimu umeshafika, siwezi kubaki peke yangu."

Nikaenda. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, nami nimevaa viatu vyangu vya kanisani. Walinikabidhi kikundi cha wakulima niwafundishe kupanda alizeti kwa nafasi. Nilifundisha kwa Kiswahili, na walipochoka nikaingiza Kifipa, wakacheka, wakaanza kuuliza maswali. Bibi mmoja akanishika mkono, akaniuliza kama ni mimi nitakayekuwa nakuja. Nikamwambia Mungu akipenda. Dada alikuwa akinipiga picha. "Za ripoti," akasema.

Kisha kimya tena.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mama alikwenda kwenye mkutano wa kikundi chake cha wakulima huko Pito, ambako tuna shamba. Alirudi akavua mabuti mlangoni taratibu kuliko kawaida yake.

"Leo tumeletewa afisa wa alizeti," akasema. "Kijana tu. Ana adabu."

"Wa kampuni ile?"

"Ile ile. Nikamuuliza, baba, kazi umeanza lini? Akasema kabla ya Nanenane."

Nilikaa kwenye ngazi. Nanenane ni mwezi wa nane. Mimi nilisimama juani na viatu vya kanisani mwezi wa kumi.

Nilipiga simu palepale, mama akinitazama. Bahati dada akapokea. Nikamuuliza habari za ile nafasi, akasema bado tupo kwenye mchakato.

"Afisa wenu alikuwa na mama yangu leo, Pito."

Nikasikia akifunga mlango.

"Dada yangu," akasema, "makao makuu walitaka kuona kwamba watu wameshindanishwa. Ule wa pili ulikuwa wa kukamilisha taratibu tu."

"Kwa hiyo mlinileta kupiga picha. Mbona hukuniambia? Nimeacha kazi kwa ajili yenu."

"Ningekuambiaje?" Sauti yake laini ilikuwa imetoweka, alisikika kama mtu aliyechoka. Sikumwonea huruma. Nilikata simu.

Nilirudi Chanji kumwomba bosi wangu anipokee. Alikuwa ameshaajiri binti mwingine, mchapakazi, na hakunificha kwamba hawezi kumwondoa. Alinipa mbegu nikapande, akaniambia nisikate tamaa, nami nikaondoka haraka nisije nikalia mbele ya wateja.

Msimu huo nililima na mama. Siku moja yule kijana afisa akapita shambani kwetu kukagua, akanisalimia vizuri, akasifu mistari yetu jinsi ilivyonyooka.

"Dada, wewe umewahi kusomea kilimo?" akauliza.

Nikamwambia hapana, nikaendelea kupalilia.