Vifungo Upande wa Kike

Chumba cha kumbukumbu cha chuo cha uuguzi kilikuwa chembamba, kwa hiyo siku ya kufunguliwa wageni waliingizwa kwa zamu. Kabla ya kuwekwa makabati ya vioo kilikuwa stoo ya mashuka. Miongoni mwa familia za watumishi wa zamani wa hospitali alikuwepo mjane mmoja, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye hata wajukuu zake walimwita Mwalimu. Marehemu mumewe alisoma katika chuo kile kilipoanza, na mjane alikuwa amekuja kumwona pichani ukutani.

Nyuma yake alifuata shemeji yake, mdogo wa marehemu, akijipepea kwa kadi ya mwaliko. Walipita mbele ya sindano za kioo, sufuria ya kuchemshia sindano hizo, kengele ya kuwaamshia wanafunzi, na mwanasesere wa mazoezi aliyeogeshwa na wanafunzi wengi mpaka pua ikalika. Kisha wakafika kwenye picha kubwa. Wasichana wamejipanga, kofia nyeupe vichwani, na pembeni amesimama kijana mrefu, kichwa wazi, kidevu juu. Chini palikuwa na maandishi: Wanafunzi wa kwanza wa chuo, pamoja na mpishi wao.

Mwalimu aliyasoma, akayarudia, kama alivyokuwa akirudia jibu la mtihani lililomkera.

Shemeji akamwinamia sikioni. "Shemeji, mpishi si mwizi. Waache."

"Mwizi ni aliyeandika hapa," akasema Mwalimu, na akaenda kumtafuta mkuu wa chuo.

Mkuu wa chuo, mwanamke wa umri wa binti yake, alimsikiliza kwa adabu. Alieleza kuwa chuo kilianza kupokea wanaume baadaye sana, na kwamba kila mwanafunzi pichani ana kofia. Yule hana kofia, ana koti. Mwalimu alipouliza ni nani aliyewaambia kuwa ni mpishi, mkuu wa chuo alishusha macho na kukiri kwamba walikisia tu. Wangebadilisha kwa moyo mmoja, alisema, kama familia ina kitu cha kuonyesha.

Kitu kilikuwepo. Kilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha Mwalimu, na shemeji aliposikia ombi lile aliacha kujipepea.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mume wa Mwalimu alizaliwa akapewa jina linalobebwa na wanaume na wanawake pia. Chuo kilipochagua wanafunzi wake wa kwanza, waliolisoma jina lile walimhesabu kuwa msichana. Wakamtengea kitanda katika bweni la wasichana, na fundi akamshonea gauni la kazi la mistari, lenye vifungo mbele kuanzia shingoni hadi chini. Siku ya kuripoti zikatokea ndevu changa getini. Matroni alimwambia arudi kwao, chuo hakina nafasi ya mwanamume.

"Jina mmeliita nyinyi," akamjibu, "mimi nimeitika. Sasa mnamtaka nani?"

 Matroni akamlaza kwenye stoo, katikati ya rafu za mashuka, akidhani atachoka na kuondoka. Hakuchoka. Alipoomba sare aliambiwa kitambaa kimekwisha, avae gauni lake lile lile au aende zake. Basi akalichukua gauni lake kwa fundi. Fundi alilikata kiunoni kwenda chini, kwenye kipande kilichobaki akatoa mifuko, gauni likawa koti. Jambo moja tu lilimshinda: matundu ya vifungo yalikuwa yameshakatwa upande wa kulia, na vifungo viko kushoto, kama nguo za wanawake. Kijana alilivaa hivyo hivyo, na siku ya picha alilifunga mpaka juu.

Mtaani walimbatiza Bwana Sista. Vijana wa kijiweni walimuuliza kofia yake ameiacha wapi. Akawajibu kwamba ameiacha kwenye kitanda atakachowalaza. Na kweli, kadiri miaka ilivyokwenda, mmoja mmoja alilala, na mmoja mmoja akaoshwa na mikono ile ile waliyoicheka.

Alipopeleka posa kwa kina Mwalimu, mdogo wake ndiye aliyetangulia kusema. Akamwambia baba wa binti kwamba kaka yake ni mtu wa uongozi hospitalini. Bwana Sista akamkatiza. "Nauguza wagonjwa, baba. Nawaogesha, nawageuza, nawachoma sindano." Mzee alikunja uso wiki nzima. Binti, aliyekuwa na cheti chake cha ualimu mkononi, alisema nyumbani kwao kwamba akikosa kuolewa na huyo hataolewa na yeyote. Miaka mingi baadaye mzee yule yule alipopooza, hakukubali kugeuzwa na mtu mwingine isipokuwa mkwewe.

Hata hivyo, kisa cha gauni ukoo haukukisimulia kwa mgeni. Mdogo mtu ndiye aliyekifungia. Kwake yeye kaka alikuwa "afisa wa hospitali" mpaka siku ya mazishi.

Jioni ya siku ile ya ufunguzi alikuja sebuleni kwa Mwalimu, akakaa ukingoni mwa kiti. Sanduku lilikuwa wazi na koti liko mapajani mwa mjane.

"Shemeji, heshima ya ukoo ni yako kama ilivyo yangu," alianza. "Shuleni walinizunguka, eti kaka yako kavaa gauni. Nilipigana mpaka nikang'oka jino."

"Ulipigana ukikana," Mwalimu alimwambia, safari hii kwa upole. "Ungepigana ukikubali, jino ungekuwa nalo."

Shemeji alicheka bila kupenda, kisha akaomba neno la mwisho. Koti liende, lakini kwanza fundi avihamishe vifungo, ahamishe na matundu. Wageni wajue ya nini?

"Pichani viko kushoto," akasema Mwalimu. "Nikivihamisha, nitakuwa nimemtoa kwenye picha ile kwa mkono wangu mwenyewe. Na heshima unayoililia ndiyo hii. Mwenyewe hakuificha akiwa hai, nimfichie mimi?"

Asubuhi alilipiga pasi na kurudi chuoni. Shemeji alikuja naye bila kuitwa, amevaa suti.

Mkuu wa chuo aliliinua koti kando ya picha. Mistari ilikuwa ile ile ya magauni ya wasichana. Akasogeza uso karibu na kioo, akatazama kifua cha yule kijana, akatazama koti, kisha akasema taratibu, "Vifungo viko kushoto."

Alikibandua mwenyewe kibandiko cha maandishi yale ya chini ya picha, akakikunja na kukitia mfukoni. Akasema ataandika kuwa huyu ni mwanafunzi wa kwanza wa kiume. Kisha akasita. Aliuliza, kwa uangalifu, kama familia ingependa ielezwe koti lilitokana na nini, au waseme tu ni sare ya zamani.

Shemeji alitazama sakafu. Mwalimu hakumtazama.

"Andika gauni," akasema. "Andika walimpa gauni ili aondoke, naye akalivaa akabaki. Andika na kwamba alilala humu humu mlimosimama."

Mkuu wa chuo akaandika. Ikabaki kulitundika koti kabatini. Lilikuwa linateleza kwenye henga, ikabidi lifungwe vifungo. Mwalimu alikuwa amelishika mabega, na kabla hajamwomba mtu, shemeji alisogea, akavua miwani, akaanza kulifunga koti la kaka yake. Vidole vilipapasa upande wa kulia kutafuta vifungo, visivipate.

"Upande mwingine, shemeji," Mwalimu akamwambia.

Akahamia upande mwingine, akalifunga mpaka juu.