Fundi Kioo na Ukuta Wenye Nyufa

Msimu ule kila asubuhi ilimkuta Fundi Kioo amechuchumaa kwenye matuta ya mchicha nyuma ya nyumba yake, akigeuza jani baada ya jani kama mtu aliyeangusha kifungo cha shati. Alikuwa akitafuta viwavi. Akimpata mmoja alimminya kwa kidole gumba, akajifuta kwenye suruali, akaendelea. Panzi hakuwaweza. Kwa panzi unahitaji mbio, na mbio zake ziliishia kwenye kikohozi.

Jina la Kioo alilipata gereji. Gari likitoka mikononi mwake, watu walisema, unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Alianza kupiga rangi magari kabla yeye mwenyewe hajawa na ndevu za kunyoa. Sifa yake haikuwa bunduki ya rangi, bali kiganja. Alikipitisha kwenye bodi huku amefumba macho, na pale ambapo wenzake waliapa kwamba pamenyooka, yeye aligusa bonde. Hapo kazi ilianza upya: puti ya kujazia bonde, msasa, maji, msasa tena. Kwa kiganja hicho alisomesha mabinti wawili. Kwa kazi hiyo hiyo aliharibu mapafu, maana kwa miaka mingi kinga yake ya pua ilikuwa kipande cha fulana. Daktari hakuzunguka: rangi ya kupuliza basi, vumbi basi, moshi basi, na dawa za kupulizia wadudu asizisogelee kabisa.

Ndiyo maana bustani ililiwa. Bamia zilitobolewa zikiwa changa, kabichi zikabaki mifupa, mchicha ukawa wa kutazamia jua.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa masufuria makubwa na maneno mafupi. Hakuichukia bustani. Alichoka tu kuiona ikiliwa.

"Baba, tuseme ukweli," alimwambia jioni moja akivua viatu. "Unalima wewe, wanavuna panzi. Mimi hapa nataka zege. Niweke majiko, niweke meza, nipike chakula cha shughuli za watu."

"Nipe mpaka mvua zikatike."

"Zikikatika na huu mchicha bado ni chujio, naleta fundi zege."

"Mlete," alisema Kioo.

Hakumwambia lililomkaa rohoni. Tangu aache gereji, uani ndipo mahali pekee ambapo mikono yake ilikuwa bado na kazi. Ndani ya nyumba alikuwa mtu wa kukohoa na kuulizwa kama amekunywa dawa.

Wazo la mijusi lilimjia siku alipokwenda kuwasalimia wenzake gereji. Nyuma ya banda, katikati ya mabodi yaliyokufa, mchicha ulikuwa umejiotea wenyewe, majani mapana, mazima. Juu ya mlango wa gari uliokwisha kutu alikaa mjusi mwenye kichwa chekundu, akiinua na kushusha kifua kama askari aliyepewa adhabu. Panzi alitua kwenye jani. Mjusi alichomoka, panzi akatoweka, kifua kikaendelea kupanda na kushuka. Kioo alisimama pale hadi wenzake wakamtania kwamba amekuja kusalimia chuma chakavu.

Kesho yake alianza ujenzi. Alikusanya mawe na matofali yaliyovunjika, akayarundika chini ya ukuta wa nyuma. Angeishia hapo, kazi ingekuwa imekwisha. Lakini rundo lilikuwa limepinda, na Kioo hakuwahi kuacha kitu kimepinda. Akalinyoosha. Mawe yakacheza, akayakaza kwa saruji. Viungo vya saruji vikamkera macho, akavipaka puti. Puti haiachwi bila msasa, akapiga msasa wa maji ili vumbi lisiruke. Kisha akajifunga kitambaa puani na kupaka rangi ya kijani iliyobaki gereji, kwa brashi, mkono mmoja, mkono wa pili, mkono wa tatu. Alipomaliza aliuona ukuta wa nyuma, wenye nyufa za miaka, ukilitia aibu jengo lake. Akaziba nyufa zote, akaupaka na ukuta. Mwisho akaweka mfuniko wa ndoo wenye maji ya kunywa.

Mkewe alirudi kazini, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Hiki nini?"

"Nyumba ya mijusi."

Alilizunguka, akaligusa, akaiona sura yake humo. "Mlango wake uko wapi?"

Kioo aliangalia. "Watakaa juu," alisema.

Mkewe alicheka mpaka akakalia ndoo.

Jumapili alikuja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke ambaye hata picha ya mjusi humpandisha juu ya kiti. Kwa tahadhari alikunja miguu kabisa kabla hajaulizwa habari za nyumbani.

"Shemeji, watu wanafagia mijusi, wewe unaipangishia nyumba? Leo mijusi, mwaka kesho kenge. Mwaka unaofuata tutapiga hodi tupokewe na mamba, amevaa taulo lako."

"Mamba hali panzi, shemeji."

"Atakula wewe, ndiyo nafuu ya panzi!"

Hakuja kenge, hakuja mjusi wa kukaa. Alifika mmoja tu, mdogo, akachungulia kutoka juu ya ukuta, akajaribu kushuka. Kucha zake hazikupata pa kushika. Aliteleza ukuta mzima, akatua ndani ya mfuniko wa maji, akatoka akikimbia kuelekea kwa jirani. Kioo aliyaona yote akiwa na jembe mkononi. Viwavi wakaongezeka. Mvua zilikuwa zimeanza kupungua.

Aliyetegua kitendawili ni mkewe, tena bila kukusudia. Alikuwa akianua nguo, Kioo akimpokea vibanio.

"Yule mjusi wangu simwoni siku hizi," alisema mkewe.

"Mjusi wako yupi?"

"Si yule aliyekuwa anatoka kwenye ufa pale kila nikianika. Alishanizoea. Na wenzake, kule kwenye ufa wa pembeni."

"Ufa upi?"

"Ule uliouziba."

Kioo aliganda na vibanio mkononi. Miezi yote alikuwa akitazama chini, kwenye majani. Hakuwahi kujua kwamba wapangaji anaowatafuta, japo wachache, walikuwa wanaishi kwake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewafungia nyumba. Kisha likamjia wazo baya zaidi: je, kama walikuwemo ndani?

Alichukua patasi na nyundo. Mkewe alimkimbilia na kitambaa kibichi, akamfunga pua kwa nguvu kama anayefunga mzigo, kisha akasimama kumwagia maji ukutani ili vumbi lisipande. Puti ilitoka vipande vipande. Ndani ya ufa wa kwanza palikuwa na utando wa buibui na ngozi kavu ya mjusi aliyejivua. Wa pili ulikuwa mtupu. Wa tatu pia. Kioo alishusha nyundo, akavuta pumzi ndefu, akakohoa kwa raha.

Kufungua nyufa kulikuwa rahisi. Kuziacha ndiyo ilikuwa kazi. Kiganja chake kilikwenda chenyewe kwenye kingo zilizomeguka, kikitaka kulainisha. Ilibidi akitie mfukoni. Siku iliyofuata alilivunja lile jumba la kijani, lakini kila alipotupa jiwe, mkono ulilirudia na kuliweka sawa.

"Mama, njoo unisaidie. Tupa haya mawe."

"Niyaweke wapi?"

"Popote. Usipange."

Mkewe aliyatupa kama anavyotupa maganda ya ndizi, bila kuangalia. Yalianguka hovyo, moja juu ya jingine, na mapango meusi katikati.

"Sasa kinafanana na kifusi," alisema akijipangusa mikono.

"Ahsante sana," alisema Kioo, na alimaanisha.

Wa kwanza kurudi alikuwa yule mdogo wa kwa jirani. Akafuata wa kahawia, mnene, ambaye mama alidai ni wake. Siku moja jua lilipokuwa kali, kichwa chekundu kilitokeza juu ya jiwe la juu kabisa na kuanza kupiga adhabu yake, juu, chini, juu, chini. Kioo aliweka jembe taratibu, akaketi juu ya tuta.

Panzi hawakwisha. Kabichi zilishapotea, na bamia mbili tatu bado zilitobolewa. Lakini mchicha aliopanda upya uliota na kupanuka.

Mvua zilikatika. Mama ni mtu wa ahadi, akaja na fundi zege mwenye futi kiunoni. Kioo alisimama kando, mikono nyuma. Fundi alianza kupima kutoka mlango wa jikoni. Mama alipita mbele yake, akainama kwenye tuta, akachuma jani na kuliinua juani. Lilikuwa na tundu moja, karibu na ukingo. Akachuma la pili. Akachuma fungu zima, akaliweka kwenye kanga.

"Fundi, pima mwisho kwenye kamba ya nguo," alisema. "Majiko mawili na meza panatosha."

"Na kule nyuma, mama?"

"Kule kuna mwenyewe."

Fundi zege aliutazama ukuta kwa huruma. "Huu nao umepasuka vibaya. Nitaupiga lipu siku hiyo hiyo ya zege, hata sikudai."

Kioo alifungua mdomo, ila mkewe alimtangulia. "Uache kama ulivyo."

Siku ya kumwaga zege Kioo aliomba mwiko. Alipiga magoti kwenye ubao, akalainisha kuanzia mlangoni hadi kwenye kamba, akifumba macho na kupitisha kiganja, akarudia palipokuwa na bonde ambalo fundi zege hakuliona.

"Baba," mkewe aliita kutoka dirishani. "Na usilipake rangi!"