Mpaka Mama Akae

Mimi nilifika Doha kwa kuzungukazunguka. Nilitoka Morogoro baada ya kidato cha nne nikiwa na gitaa la kuazima, nikapiga kwenye baa za Mbeya, nikahamia Mombasa, nikaendesha magari Muscat, na mwisho nikashuka Doha na begi moja na leseni ya udereva. Nilijiona mtu aliyetembea. Kisha hoteli moja ya West Bay ikanipa kazi ya kuendesha basi dogo la wanamuziki wake, na abiria wa kiti cha mbele akanisimulia safari yake. Nikajiona sijawahi kutoka nyumbani.

Alikuwa Mwingereza, mpiga drams, wa umri wa baba yangu, mwembamba, nywele zake za mvi amezifunga nyuma kwa rababendi. Safari yake ilianzia kwenye gereji ya baba yake, katika mji ambao, kwa maelezo yake, ulikuwa na kiwanda cha biskuti na mvua, basi. Yeye na wenzake watatu wa shule waliunda bendi, na wimbo wao mmoja ukavuma dunia nzima. Wakapigwa picha wamevaa suruali ambazo alisema mpaka leo hawezi kuzitetea. Halafu mwimbaji akaoa, mpiga besi akaokoka, mpiga gitaa akapata mwanasheria, na yeye akabaki na drams. Kuanzia hapo ikawa meli ya watalii, hoteli Bangkok, hoteli Dubai, meli tena, Doha.

"Ilikuchukua muda gani kufika huku, mzee?" nilimwuliza siku moja, tumekwama kwenye foleni ya Corniche.

"Maisha yote," alisema. "Na sanduku langu moja bado liko Bangkok."

Tulikuwa tukizungumza Kiingereza, chake cha viwandani na changu cha barabarani, tukaelewana vizuri kuliko nilivyoelewana na walimu wangu.

Ule wimbo wake ulikuwa ukipigwa kwenye lifti ya hoteli yetu. Si wenyewe hasa. Mtu fulani aliutengeneza upya kwa filimbi na kinanda, akaondoa ngoma zote. Kila jioni mzee alipanda mpaka ghorofa ya juu akisikiliza wimbo wake mwenyewe bila yeye kuwemo. Alikuwa akipigapiga vidole kwenye ukuta wa lifti, pale pale ngoma zilipotakiwa kuingia, na wageni walisogea mbali naye.

Huko juu kulikuwa na mgahawa. Yeye na wenzake walipiga kwa ustadi na kwa sauti ya chini, na wageni walikula. Hilo ndilo lililomuumiza.

"Nimekuwa nikipigia watu wanaokata nyama," aliniambia. "Zamani tukianza tu, watu walikuwa wanarukaruka. Sasa wananiomba chumvi."

Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba kwenye viungo. Asubuhi hakuweza kufungua chupa ya maji. Alisema anataka kitu kimoja tu kabla mikono haijamgomea: kuona watu wakicheza, wakicheza kweli, na yeye ndiye anayewachezesha. Hata mara moja. Nikawasha redio.

Jawabu lilitoka kitanda cha juu. Mwenzangu wa chumbani, dereva kutoka Tanga, alikuwa anamwoa nesi wa Kikenya, na mimi nilikuwa nimejitwika kumtafutia bendi. Gitaa ni mimi, gitaa la pili na besi ni walinzi wawili wa Kiganda. Mpiga drams wetu, mlinzi pia, akapangiwa zamu siku hiyohiyo ya Ijumaa. Nikamwendea mzee. Hakuuliza ni nyimbo gani. Aliuliza, "Watakaa au watasimama?"

"Watasimama, mzee."

Akatoa na ukumbi juu yake, yaani sebule ya ile villa ya Al Thumama ambako hoteli iliwaweka wanamuziki wake na ambako drams zake zilikuwa tayari. Tulifanya mazoezi mara moja. Alishika mapigo yetu upesi kuliko tulivyotarajia, tukatoka tunapongezana. Hakuna aliyefikiri kumweleza jambo ambalo kwetu halielezwi. Na lingeelezwaje? Ni kama kumfundisha mtu kwamba chakula humezwa.

Ijumaa alasiri sebule ikajaa. Kwa kuwa wazazi wa bibi harusi hawakuweza kusafiri, nesi mmoja mkuu, mama wa Kisumu mwenye mwili na sauti yake, alikaimu umama. Tukaanza. Mwanzo wa taratibu, beti, kiitikio, magitaa yakaanza kuitana, sebene yenyewe ya kucheza hiyo inakuja. Yule mama akajishika kiuno, akaanza kuinuka. Nyuma yake wengine wakasukuma viti. Na hapo hapo mzee akapiga mzunguko mmoja mtamu wa ngoma zote, akagonga toazi kubwa, akalishika kwa mkono likanyamaza, akainamisha kichwa kungoja makofi.

Makofi hayakuja. Mama yuko nusu ya kuinuka.

"Jamani," mshereheshaji akasema kwenye maikrofoni, "wimbo umekatika kama umeme wa nyumbani!"

Tukacheka, tukaanzisha wa pili. Mama akainuka, mzee akafunga. Maisha yake yote alikuwa mtu wa nyimbo za dakika tatu. Kazi yake ilikuwa kuzifunga vizuri, na alizifunga vizuri kweli.

"Wewe mzungu!" mama alifoka. "Mbona unatukatia stimu? Umetumwa?"

"Mwacheni, mama, ni mgeni," bwana harusi akasema.

"Mgeni gani na nyumba ni yake? Anatufukuza!"

Nilimwona mzee anavyonitazama. Uso ulikuwa umemshuka. Alijua tu kwamba mara mbili watu wamesimama na mara mbili wamekaa, na kwamba aliyewakalisha ni yeye. Alikuwa ameanza kuviweka vijiti chini.

Nikamsogelea na gitaa shingoni. "Mzee, unamwona yule mama? Wimbo hauishi mpaka mama akae."

"Nitajuaje kwamba anakaribia kukaa?"

"Hutajua."

Tukaanza wa tatu. Ilipofika sebene mama akainuka, mzee akamkazia macho kama dereva anayetazama taa nyekundu. Watu wakatoka vitini. Bibi harusi akavua viatu. Kisha mama, aliyesikia kila neno nililomwambia mzee, akanitupia jicho, akakisukuma kiti chake mpaka ukutani kwa mguu na kuendelea kucheza.

"Leo mtanikoma!" akapaza sauti.

Mzee alijaribu kumngoja. Baadaye akasahau kwamba anangoja. Watu wakaanza kumwendea kumtunza, wanambandika noti za riyali kwenye paji la uso lenye jasho, naye, asijue afanyeje, akawa ameinua kidevu zisianguke na kupiga akitazama dari, mdomo wazi, anacheka. Mlinzi wa besi alibadilisha mkono, mimi kidole kilichubuka, mzee hakupunguza. Mwishowe mama mwenyewe akaja, akachukua kanga begani na kumfuta uso kama mtoto.

"Haya, baba," akamwambia. "Nakaa."

Akakaa. Mzee akafunga, na safari hii makofi yalikuja.

Wiki iliyofuata, mgahawani, aligoma kumaliza. Mwimbaji, dada wa Kifilipino, alirudia kiitikio mpaka akaanza kumtazama mhudumu amsaidie. Meneja akampa ishara amalize, mzee akamwitikia kwa ishara na kuendelea. Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa.

"Walisimama wawili," aliniambia garini, amefurahi. "Mume na mke, wazee. Walicheza kati ya meza, wakamwaga supu."

Siku aliyoondoka Doha kabisa nilimpitisha hotelini kwanza arudishe kizibao cha kazi na kadi ya mlango kule mgahawani juu. Tulipoingia lifti kushuka, tulimkuta ndani dada wa usafi, Mkenya, na toroli lake. Filimbi ikaanza. Mzee akagonga ukuta pale penye ngoma, mimi nikamwongezea gitaa kwa mdomo. Tulipofika chini, mlango ukafunguka, mabegi yake yanaonekana pale mapokezi. Hakutoka. Dada wa usafi alikuwa ameanza kutikisa mabega.

"Mnashuka ama?" aliuliza, mabega hayajasimama.

"Mpaka mama akae," mzee alijibu kwa Kiswahili, maneno aliyonitaka nimfundishe baada ya harusi, kisha akabonyeza kitufe cha juu.

Uwanja wa ndege tulifika tumechelewa. Hatukuagana sawasawa. Alikimbia na masanduku yake, vijiti vimechomoza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, rababendi imekatika na nywele zote hewani.