Chombo cha Theluji Nilichompa Shekha

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Nizwa, nilipewa redio ya upepo, zile za kusemeana, iliyokufa na kiti kisicho na mgongo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nimetoka Unguja na wazee wangu, Kiarabu changu cha kuombea chumvi tu. Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi za kikosi cha uokozi. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu wa Pemba, mwembamba, miwani yake kaifunga kwa uzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila ya kunyanyua uso. Mie nikataka kujionyesha, nikashika bisibisi niifungue ile redio. Akaweka mkono juu yake.

"Usiniambie chombo kina kasoro gani," akasema. "Niambie kwanza anakishika nani."

Nilidhani mzee ananichezea shere. Nikatumwa nimtafute mwenye redio, nikamkuta dereva mmoja wa gari la milimani, mtu wa miraba minne, kidole gumba chake kimoja chatosha kuwa viwili. Kile kitufe cha kusemea kilikuwa kidogo, naye akikibonyeza kwa ncha ya ufunguo, mpaka kikazama ndani. Redio yenyewe haikuwa na neno. Tukamtengenezea kitufe kipana cha mpira, na haikurudi tena karakana. Basi huo ndio mtihani wangu wa kwanza, na nilishindwa.

Nayaandika haya kwa sababu ya Thuraya, mjukuu wangu wa pekee. Alikuja nyumbani kwangu, hapa Al Kamil, kunambia kwamba yeye na msichana mwenzake Shekha wanakwenda nchi za baridi kuteleza kwa mbao juu ya theluji. Na si pale penye njia za kamba na walinzi. Wanakwenda nje ya njia, kwenye mteremko mtupu, ambako theluji ikiamua kuporomoka humfukia mtu akapotea kabisa. Mama yake, binti yangu Asya, chakula kilimshinda. Kumzuia hakuweza, mtoto keshakuwa mwalimu mwenye mshahara wake. Akanishika mkono akasema, "Mama, angalau mchagulie chombo cha kutafutana. Hiyo si ndiyo ilikuwa kazi yako?"

Ndiyo, ilikuwa kazi yangu. Na najua wengi watashangaa, Oman na theluji wapi na wapi. Kikosi chetu kilikuwa kikipeleka watu mafunzoni huko kwenye theluji, na siku nyingine tukijizoeza kwa vyombo vile mchangani. Chombo chenyewe ni kadiri ya boksi la sabuni. Unakivaa kifuani, chini ya koti, na mchana kutwa kinatuma mlio wa redio ambao sikio halisikii. Mwenzio akifukiwa, nyinyi mliobaki juu mnavigeuza vyenu, viache kutuma vianze kutafuta. Vinaupokea mlio wa yule aliye chini, mnaufuata mpaka mnamfikia, mnachimba kwa chepe. Yote hayo kwa dakika chache, maana pumzi za mtu aliyefukiwa hazingoji gari litoke mjini.

Kutoka Nizwa nilihamishiwa Ibra, na huko ndiko nilikojifunza kazi hii kwa aibu. Mudir wetu wa Ibra, yaani mkuu wa kituo, alikuwa mkarimu wa kupindukia. Ukiingia ofisini kwake kahawa inafika kabla salamu hazijesha, na tende, na tunda lililokatwa, na huondoki mpaka umekula. Karakana yangu ilikuwa na vyombo vitano vya zamani, vile vya antena moja. Hivyo havina mshale wala tarakimu. Unatia kisikizi sikioni, unakwenda pole pole ukisikiliza mlio unakua au unapungua, na kila ukikua unaupunguza sauti ili sikio lipate kupambanua. Tena mlio hauji moja kwa moja, unakuja kwa kupinda, kama ubavu wa tikiti, basi nawe unakwenda kwa kupinda. Mtu mwenye pupa havimfai kabisa. Ndipo kikaja kimoja kipya, cha antena tatu, kinachoonyesha mshale wa kukuongoza na tarakimu za umbali uliobaki. Nilikikumbatia siku kilipofika, wallahi.

Wiki ile ile akaja mgeni mkubwa kutoka makao makuu kutazama mazoezi yetu kwenye vilima vya mchanga. Hakutaka kutazama tu, alitaka awe yeye ndiye wa kufukiwa. Tukachimba shimo, tukaliezeka kwa mbao na turubai, mchanga juu, mpira wa kupitishia pumzi ukatokeza nje, na bendera ndogo kando yake. Mudir akamtilia mgeni shimoni mkeka, tende, na birika la kahawa. Kisha akanigeukia, akanambia nimvishe kile chombo kipya.

Nilijua kwamba ni makosa. Kile kizuri kilikuwa kinakwenda kukaa chini ya mchanga kazi yake kulia tu, jambo ambalo hata kile kibaya kuliko vyote kingelifanya sawasawa. Huku juu, watafutaji wetu wawili wageni wa kazi wamebaki na vya kisikizi, wasivyovizoea. Nikafungua mdomo. Mudir akasema, "Mgeni ndiye wa kupewa kizuri, Bi Zuhura. Hilo halina mjadala." Nami mbele ya watu wazima wenye kanzu zao na bakora zao, nikasema hewala. Nikamvisha kwa mikono yangu.

Wale vijana wawili wa kutafuta walikuwa wamepelekwa mbali wageuze migongo wasione shimo lilipo, na sisi wengine tukaenda kunywa chai kwenye hema. Ukaja upepo. Haukuwa wa ajabu, upepo wa kawaida wa huko, lakini mchanga ulitembea, bendera ikalala ikafukiwa, na tuliporudi kila kilima kimekuwa ndugu wa mwenzake. Mmoja ananyoosha kidole huku, mwingine kule. Wale vijana wakatia visikizi wakaanza kukimbia, na chombo cha kisikizi ukikikimbiza hakikwambii kitu. Mudir alikuwa akifuta uso kwa kilemba chake. Ule mpira wa pumzi hakuna aliyeuona, na mie nilikuwa nikijua ni nani aliyenyamaza.

Nikampokonya mmoja chombo chake. Vyote vitano nilikuwa nimevilehemu mwenyewe, nazijua sauti zao. Nikaingiza kisikizi chini ya ushungi, nikavua viatu, nikaanza kutembea kama anayetafuta sindano kwenye zulia. Kimya. Kisha kwa mbali, ti, ti, ti. Nikapunguza sauti, nikapinda na mlio, nikapunguza tena. Nilipopiga magoti nikakipitisha chombo karibu na mchanga, huku na huku, mpaka mahali mlio ulipokuwa mkubwa kuliko pote. Nikasema chimbeni hapa.

Mpira wa pumzi ulikuwa umejaa mchanga nusu yake. Mbao ziliponyanyuliwa tukamkuta mgeni wetu amelowa jasho chapachapa, uso umebadilika rangi, kikombe mkononi. Akavuta pumzi mara tatu nne. Kisha akasema kwa adabu zote kwamba kahawa imekwisha. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na mie nikacheka nalia.

Nilirudi kwenye gari la Mudir. Tulipofika Ibra akazima gari, akaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi siku nyingine nivunjie heshima."

Hakunifukuza. Kesho yake aliandika amri kwa mkono wake mwenyewe na kuibandika ukutani, kwamba kizuri apewe anayetafuta. Mpaka naondoka Ibra karatasi ile ilikuwepo, imegeuka rangi ya chai.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Sur, na huko mkuu wa karakana nikawa mie. Vyombo vilikuwa vimekuwa vingi, kila muuzaji analeta chake na karatasi inayong'ara. Karatasi nilikuwa naziweka kando, nakipeleka chombo nyumbani. Kwanza nakitia kwenye friji ya kugandisha, pembeni ya nguru, kikae humo mchana kutwa, maana betri inayotamba kwenye joto la Sur ikiona baridi hufa. Kisha navaa glavu nene za kutolea mkate jikoni, nikijaribu kukigeuza kutoka kutuma hadi kutafuta. Kikikataa glavu, nakirudisha kwa mwenyewe. Vijana wakinicheka, ati Bi Zuhura anataka kuoka redio. Wacheke, lakini huko kwenye theluji hakuna anayevua glavu kwa furaha.

Nikiwafundisha na masafa ya simu, kwa kipimo wasichokisahau: ukiwa unatuma, simu ikae mbali na chombo shubiri moja, na ukiwa unatafuta, dhiraa moja, tena afadhali uizime. Na betri ziwe mpya zote na za aina moja, zitolewe chombo kikiwekwa kabatini, zisije zikavuja kwa joto letu. Na jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye karatasi ya muuzaji yeyote: sumaku. Wasichana walipoanza kuingia kikosini, chombo kimoja kikawa kinapotea njia kila kikivaliwa na binti fulani, kwa mwengine hakina tatizo. Nilikifungua mara mbili sikuona kitu. Mara ya tatu ndipo nikamkumbuka yule mzee wa Pemba, nikamtazama anayekishika. Ushungi wake ulikuwa umebanwa kwa vile vibanio vya sumaku, na kimoja kimelala juu ya chombo chenyewe. Tangu siku ile, kazini ni pini za kawaida.

Basi nilikuwa nimeshastaafu, na bisibisi zangu ziko ndani ya kopo la biskuti, Thuraya aliponiwekea mbele vyombo viwili. Kimoja nilimchagulia mwenyewe baada ya kulizunguka duka zima na glavu zangu za jikoni mkobani, muuzaji kaduwaa. Kilikuwa kizuri: antena tatu, mshale mkubwa, swichi ya kusukuma hata kwa ngumi, na wakifukiwa wawili kinaweza kumweka kando uliyekwishampata kimtafute wa pili. Duka lilikuwa na kimoja tu cha namna ile, na safari ilikuwa kesho kutwa. Cha pili kilikuwa cha Shekha, ameazima kwa binamu yake huko Jalan. Nacho kizima, kinatuma vizuri, lakini mshale wake mzito kugeuka na vitufe vyake kama punje za mtama.

Nikawatoa uani. Nikakifukia mchangani chombo cha zamani nilichostaafu nacho, kinatuma, karibu na zizi la mbuzi, nikawaambia watafute kwa zamu, glavu mkononi, simu ndani ya nyumba. Thuraya alikipata kwa vyombo vyote viwili. Ana mikono ya utulivu yule, hata kile cha punje za mtama alikituliza kikamtii. Shekha ni mtoto mzuri, ana heshima zake, lakini akibabaika habari yake imekwisha. Akiwa na kile cha kuazima aliingia zizini kwa mbuzi. Akajaribu tena, akafika jikoni. Nikampa kile kizuri, akautazama mshale, akaenda moja kwa moja, akapiga magoti pale pale.

Miaka yangu yote ya kazi sikupata uzito kama ule wa asubuhi ile. Damu ni damu. Kizuri nilikuwa nimekitafuta kwa ajili ya kifua cha Thuraya. Nilikishika mkononi kitambo, kisha nikamvisha Shekha, nikamkaza mikanda.

Asya aliweka sinia chini. "Mama, mtoto wa damu yako unampa cha kuazima, kizuri unampa mtoto wa watu?"

"Thuraya akifukiwa, chake kitakuwa chini pamoja naye," nikamwambia. "Kitakachomtafuta ni cha Shekha."

Shekha akataka kukivua kwa haya, anasema hapana, Bibi, haifai, mie mgeni. Nikamwambia akiache kifuani. Asya alimtazama yule mtoto wa watu, na nikaona jambo lile linamwingia. Kisha akamwendea, akaangalia mikanda niliyoikaza mie, akaikaza tena. Akaenda ndani akarudi na pini za kawaida, akamtoa Shekha vibanio vya sumaku kwenye ushungi, kimoja kimoja, akambana upya, akambusu kichwa.

Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka kila siku, na hasa watu wake. Nilifanya kazi na vyombo umri wangu wote na nilichojifunza ni kile nilichoambiwa siku ya kwanza nikadhani nachezewa shere. Yule mzee wa Pemba Mungu amrehemu, na Mudir wangu wa Ibra pia. Laiti ningalijua kuwasikia mapema.

Siku ya tatu ya safari Thuraya alipiga simu ya video kutoka huko mlimani, uso mwekundu kwa baridi, nyuma yake kweupe kutupu. Akasema mwongozaji wao kila asubuhi anawapitisha mmoja mmoja kuhakikisha kila chombo kinalia, na kwamba wamefanya mazoezi mpaka Shekha amewashinda wote. Hakivui, hata kula anakula nacho. Asya alikuwa pembeni yangu, kanishika mkono. Nikamwambia Thuraya aweke simu mbali na chombo, shubiri moja. Akacheka, akasema ataiweka, sasa hivi wanaanza kuteremka, yeye wa mbele.

"Na Shekha yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yuko nyuma yangu, Bibi."

Asya akaniachia mkono, akamimina kahawa.