Nusura harusi yangu isimame huku London kwa sababu ya karatasi za guka za duka na kanisa

Wakuu, salaam kutoka Landani. Leo jua limetoka, nina raha zangu, acha niwape hii.

Mimi ni Mkenya, mnivumilie Kiswahili. Ukweli msiutilie shaka: auntie yangu yumo humu jukwaani kwa jina la siri, nikitia chumvi ataniumbua kwenye comments.

Auntie Grace ni dada mdogo wa marehemu baba. Anaishi Stratford, ni mzee wa kanisa kwa Wapresbiteri, na ndiye aliyenipokea nilipokuja huku.

Nyumba ya guka, yaani babu yetu, ilipouzwa kule Karatina, ndugu waligawana viti na makabati. Auntie akachukua karatasi. Masanduku mawili akayapandisha ndege, nguo zake akaziacha!

Guka alikuwa na duka la vitambaa na alifundisha kwaya, na hakutupa kitu. Risiti, kadi za ubatizo, ratiba za harusi, bahasha za sadaka, picha.

Sasa.

Nikampata Mwangi. Nesi, mpole, anapika kunishinda. Nikampeleka kwa Auntie kumtambulisha.

Siku hiyo karatasi zilikuwa zimetandazwa sebule nzima, Auntie anazipanga kwa ajili ya maonyesho ya kanisa. Mwangi kwa adabu zake akaokota picha moja aisifu.

Akaisogeza karibu na macho. Halafu akasema, "Huyu wa kulia ni guka yangu."

Wa kushoto alikuwa guka yangu mimi. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wake: Mimi na ndugu yangu, siku ya kufungua duka.

Wakuu, niliisoma mara tatu.

Auntie alimkumbuka yule bwana kidogo tu, maana alihamia Nakuru yeye akiwa mtoto. Akaja kuketi kati yetu kwenye sofa. Katikati kabisa. Akamwambia Mwangi taratibu kwamba chakula atakula, ila mambo ya harusi yasimame kwanza. Kwetu watu wa damu moja hawaoani, hata iwe ya mbali vipi.

Guka ya Mwangi alifariki kabla yeye hajazaliwa, alimjua kwa picha tu.

Tukaanza kupekua tukitafuta nafuu, na kila karatasi ilizidi kutuzika. Risiti zina majina yao mawili, kisha "and Brothers". Kadi ya ubatizo ya Auntie mwenyewe, shahidi ni "ndugu" huyohuyo. Auntie anasoma kwa sauti kama matangazo ya Jumapili.

Binti yake, aliyezaliwa hapa, akapita na crisps zake, akachungulia, akasema, "So you're dating your cousin," akaenda zake.

Nililia, sina aibu kusema.

Mwangi ndiye aliyeuliza kama yupo mtu hai aliyewajua wote wawili. Alikuwepo: Shosho, nyanya yangu, mamake Auntie, aliyehamia nyumba ndogo kulekule Kenya ile ya guka ilipouzwa. Auntie aliogopa kumshtua na umri ule, lakini akapiga video.

Akaeleza kwa kuzungukazunguka. Shosho akasikiliza mpaka mwisho, kisha simu ikaanguka. Tukabaki tunatazama dari ya nyumba yake na kusikia kicheko.

"Grace," akasema alipoweza, "mchungaji wako si unamwita ndugu? Mlinyonya ziwa moja?"

Akatueleza. Guka ya Mwangi alitoka Kiambu, wakajuana kwenye kwaya. Kanisani kila mtu alikuwa ndugu. Na ile Brothers? Maduka makubwa ya Wahindi pale mjini yaliandikwa Brothers, nao wakadhani ndivyo biashara inayofanikiwa inavyoitwa. Wakamlipa mchora vibao.

"Ukoo mbali, kijiji mbali," Shosho akasema. "Walichofanana ni suruali. Kitambaa kilibaki dukani, wakashonewa wote wawili."

Kisha akataka kumwona Mwangi. Akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia. Akasema masikio ni ya yule bwana kabisa, na watu wake waanze kuja kuposa.

Auntie akainuka kwenye sofa. Sijawahi kufurahia mtu kuinuka namna ile.

Tulioana kiangazi kilichopita. Karatasi zilipangwa mezani ukumbini, na watu wa Mwangi wakaja kutoka Luton na bahasha yao, picha za duka lilelile. Wazee wakagoma kwenda kula. Wanasoma ratiba za kwaya na kugawana sauti palepale, chakula kinapoa, nami nacheza peku na gauni nimelishika mkononi.

Nilichojifunza: karatasi za wazee msizitupe, ila msizisome peke yenu wakati aliyekuwepo yu hai na ana bando.

Kwenu je, karatasi zimewahi kuwapa ndugu msiowajua? Semeni, nasoma zote. Nina mdogo wangu wa kike siku hizi anatabasamu akiangalia simu, na jina la huyo kijana hataki kulitaja.