Majivu ya Baba

Juzi binti yangu alifunga simu kuukuu kwenye mti, shambani kwetu Alunguli, akaiunga na kifaa kinachoiwasha kitu kikipita. Alitaka filamu ya nguruwe pori wanaofukua mihogo. "Mama, iko inaona kila mwenye anapita," akasema. Maneno kama hayo niliwahi kuyasema mimi, nikiwa mtoto.

Wakati wa vita, baba alitumia majivu. Kila alasiri alinyunyiza njiani majivu ya jikoni yanayonuka moshi, asubuhi tukasoma nyayo za wanyama. Siku moja wanajeshi walimkuta akinyunyiza, wakauliza anafanya nini. Nikamjibia kwa majigambo: "Baba anajuaga kila muntu mwenye anapita hapa!"

"Kumbe huyu njo mupelelezi," mmoja akasema. Wakamchukua. Nilidhani wanamtaka akawanyunyizie na njia yao, nikawapungia mkono, mjinga mimi. Hakurudi. Alama za buti zao zilibaki kwenye majivu, wazi kabisa, mpaka mvua ikazifuta. Hadi leo kila mkubwa wa jeshi ninayemuuliza ananijibu kwamba hakuna aliyeona kitu.

Nikamwambia binti yangu: "Achana na nguruwe. Geuza hiyo mashine, iangalie barabara."